Siku moja kwenye mashamba ya waini Stellenbosch na Franschhoek: maswali ambayo watu wa Nairobi huniuliza kila mara

Nimeenda huko mara mbili, ya kwanza Februari wakati wa mavuno na ya pili Julai kwa baridi kali, na tangu nirudi binamu zangu, watu wa chama, watu wa ofisi, hata jirani wa ploti wananiuliza maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa. Kitu moja utaona nikirudia ni hii: panga siku yako ukiwapa watu muda, ju mimi ladha za waini nyingi nilishasahau lakini wale watu niliokaa nao nawakumbuka mpaka sauti zao.

## Kabla hujatoka Nairobi

Hapa ni wapi haswa?

Ni Western Cape, Afrika Kusini. Stellenbosch iko kama kilomita 50 kutoka Cape Town upande wa mashariki, ni mji wa tangu 1679 na umebeba jina la Simon van der Stel, gavana wa Wadachi. Ukivuka mlima kidogo uko Franschhoek, maana yake kona ya Wafaransa, ju Wahuguenoti, wale Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, walianza kufika huko 1688. Paarl iko juu yake upande wa kaskazini. Miji miwili unaeza gusa kwa siku moja, mitatu usijaribu, utaona tu barabara.

Waini yenyewe ni ya zamani kuliko hiyo miji. Jan van Riebeeck, Mdachi aliyeanzisha makazi ya Cape, aliandika kwa shajara yake kwamba tarehe 2 Februari 1659 zabibu za Cape zilikamuliwa waini kwa mara ya kwanza.

Nahitaji viza?

Kama una pasipoti ya Kenya, hapana. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza, mpaka siku 90 kwa mwaka. Hakikisha tu pasipoti haijakaribia kuisha na iko na kurasa tupu.

Lakini kadi ya manjano, yani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hiyo ni lazima na ndo inakwamisha watu wengi. Kenya iko kwa orodha ya nchi zenye huo ugonjwa kwa hivyo wataiuliza. Mwenzetu mmoja aliiacha kwa droo huko Umoja akagundua akiwa kwa foleni JKIA, ikabidi kaka yake aiweke kwa mfuko wa koti na kuja na boda mbio mbio, tukaipokea dakika chache kabla kaunta kufungwa. Ukichanjwa mara moja kadi ni ya maisha, ila chanja angalau siku 10 kabla ya safari.

Niende mwezi gani?

Januari mpaka Machi ni mavuno, kuna joto kali, mashamba yako bize na harufu ya zabibu zinazochacha iko kila mahali, huo ndo wakati ninaoupenda. Juni mpaka Agosti ni mvua na baridi, mizabibu imebaki miti mikavu tu, lakini watalii wamepungua na yule anayekumiminia ako na saa nzima ya kupiga stori na wewe karibu na moto. Desemba epuka kama hupendi kusukumana.

Pesa ngapi kwa siku?

Rand moja sisi tulihesabu kama shilingi saba na kidogo. Sisi kuonja waini tano hivi tulilipa kati ya rand 80 na 150 kwa kila mtu, inategemea shamba, na mengine ukinunua chupa wanakupunguzia hiyo ada. Chakula na usafiri ndo vinakula bajeti kuliko waini. Kwa mkahawa acha tipu ya asilimia 10, weita wengi wanaitegemea kabisa. M-Pesa usiitegemee kule, beba kadi ya benki na noti kidogo.

Plagi zetu zinaingia?

Hapana. Za kwao nyingi ni miguu mitatu ya duara, minene. Nunua adapta mapema.

## Siku yenyewe

Mashamba mangapi kwa siku moja?

Matatu. Najua watu wanapanga sita, mara ya kwanza sisi pia tulipanga matano na hilo la nne sikumbuki hata mlango wake. Kila kuonja kwaenda saa moja na nusu ukifanya vizuri, weka na barabara, weka na chakula, siku imeisha. Mengi yanafungua saa nne asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, na mengine Jumapili hayafungui, kwa hivyo piga simu.

Vile mimi hupanga sai: la kwanza saa nne, shamba dogo la familia ambapo unaeza kutana na mwenye kutengeneza waini mwenyewe. La pili mchana na chakula. La tatu lile kubwa la historia, kama Boschendal au Spier, ju huko hata ukichoka unaeza lala kwa nyasi chini ya miti ya mwaloni ukiangalia milima. Alafu nafasi tupu ya kama saa moja na nusu ya kitu chochote kitakachotokea, na kitatokea tu ukiacha hiyo nafasi.

Naeza endesha gari mwenyewe?

Wanaendesha kushoto kama sisi kwa hivyo barabara haitakusumbua, lakini kama utaonja usiendeshe. Kiwango chao cha pombe kwa damu ni gramu 0.05 kwa mililita 100, na mashamba mawili tu yanaeza kukupitisha hapo bila wewe kujua. Hii sitabembeleza mtu, barabara zetu zimetuzikia watu wa kutosha.

Njia ni tatu. Franschhoek kuna Franschhoek Wine Tram, treni ndogo na mabasi zinazozunguka mashamba kwa ratiba, unashuka unapotaka na kupanda ile inayofuata, ni nzuri kwa mtu anayesafiri peke yake ju unaishia kuongea na watu wa viti vya mbele na nyuma. Ya pili ni dereva wa siku nzima, mkiwa wanne inatoka sawa. Ya tatu ni Uber, ambayo asubuhi iko sawa lakini jioni kwa shamba la mbali unaeza ngoja sana.

Kwa dereva, usitume pesa yote mapema. Sisi tulilipa mmoja nusu kutoka Nairobi na ile asubuhi hakutokea wala kushika simu. Aliyetuokoa ni mlinzi wa pale tulipolala, alimpigia shemeji yake, na huyo shemeji ndo alitupeleka Pniel (angalia swali la historia hapo chini), mahali ambapo hatukua hata tumepasikia.

Sijui chochote kuhusu waini, si nitaaibika?

Hapana, na nakuomba sana usiende ukijifanya unajua. Sema tu umetoka Kenya na ni mara yako ya kwanza, utaona uso wa yule mtu umefunguka.

Kuonja kwenyewe hivi: mnakaa, mnaletewa glasi na karatasi ya majina, mtu anamimina kidogo sana, kama mafunda mawili. Unaangalia rangi, unazungusha glasi, unaingiza pua kabisa, alafu unakunywa polepole ukiiacha ipite kwa ulimi wote. Watakuambia unasikia harufu ya plamu au tumbaku. Wewe sema unachosikia wewe. Binamu yangu alisema moja inanuka kama zambarau za kule kwao pwani, yule dada aliyekua anamimina akaomba amweleze zambarau ni tunda gani, akachukua kalamu akaandika.

Na usisifu kila glasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa watu wanafurahia ukiwaambia hii imenikwaruza koo, ile imenipendeza, kwa nini? Hapo ndo somo linaanza.

Mara ya kwanza mzee mmoja aliyekua anasimamia mapokezi ya zabibu alituita nje, akachukua zabibu nyeusi tii kutoka kwa kreti, akaibinya juu ya kiganja changu. Maji yaliyotoka yalikua meupe, karibu kama maji ya madafu. Akacheka, akaniambia waini nyekundu rangi yake inatoka kwa ganda, wanaacha juisi ikae na maganda siku kadhaa inyonye rangi, na nyeupe wanakamua na kuyatoa mara moja. Nimekunywa waini miaka mingi na sikua najua hilo.

Nionje gani ambazo siwezi kosa?

Pinotage kwanza, ju ni mtoto wa hapo hapo. Profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch aliichanganya 1925 kutoka kwa Pinot Noir na Cinsaut, na Cinsaut wakati huo kule waliiita Hermitage, ndo maana jina likaunganishwa hivyo. Ni nzito, ina moshi kidogo, inaenda na nyama choma vizuri sana. Pili ni Chenin Blanc, wao wameiita Steen kwa miaka mingi, ndo ile nyeupe niliyoipenda kuliko zote. Na kama unapenda ya povu ulizia Cap Classique, povu lake linatengenezwa ndani ya chupa kama shampeni, ya kwanza ilitengenezwa Simonsig mwaka 1971.

Kutema ni ukosefu wa heshima?

La. Kopo la kutemea liko hapo kwa kazi hiyo, hata wataalamu wanatema. Mwaga pia iliyobaki kwa glasi, hakuna atakayenuna.

Nivae nini?

Viatu vya kutembea kwa changarawe, kofia, na sweta hata Februari ju upepo wa jioni unakuja ghafla. Desemba jua linazama karibu saa mbili usiku, sisi tuliozoea saa kumi na mbili na nusu tunajisahau kabisa.

Chakula je?

Ukipata mtu wa kukualika braai, acha mipango yote uende. Ni nyama choma yao, na sehemu hizo wanapenda kuchomea visiki vya mizabibu mizee iliyong'olewa, moto wake ni mkali na unanukia. Hawana haraka kama vile sisi hatuna. Nilichokosa ni kachumbari, na mwishowe nilikata nyanya na vitunguu mwenyewe kwa jikoni ya watu na bakuli likaisha. Kuna pia vetkoek, ni kama mandazi bila iliki lakini wanaijaza nyama ya kusaga, na sambusa utazikuta, wanaziita samoosa, jamii ya Waislamu wa Cape wanazipika sana.

## Watu

Nitaongea na watu kwa lugha gani?

Kiingereza kitakutosha, lakini wafanyakazi wengi wa mashamba nyumbani wanaongea Kiafrikaans na wengine Kixhosa. Jifunze salamu. Kixhosa mtu mmoja ni Molo, wengi ni Molweni, na asante ni Enkosi. Kiafrikaans asante ni Dankie. Mwanamke mkubwa kwa Kixhosa mwite Mama, mzee mwite Tata, na wale wa Kiafrikaans wanasema Tannie na Oom hata kwa mtu asiye ndugu, kama sisi tunavyoita kila mtu anti na anko.

Alafu furaha yangu kubwa ilikua kugundua Kixhosa na Kiswahili ni ndugu. Nyama ni inyama, maji ni amanzi, watu ni abantu. Tulikaa na dada mmoja jikoni tukishindana kutafuta maneno, chai ikapoa yote.

Naeza uliza mambo ya historia ama nitakasirisha watu?

Uliza, kwa upole, na usianze nayo. Haya majumba meupe mazuri ya mashamba yenye tarehe za 1685 na 1692 mlangoni yalijengwa na watumwa, watu waliochukuliwa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa 1834 lakini waliachiliwa kweli tarehe 1 Desemba 1838, baada ya kufanyishwa miaka minne zaidi kwa jina la kujifunza kazi. Nikisikia Msumbiji mimi nawaza majahazi ya pwani yetu, siwezi kukaa hapo kama mtalii tu.

Kati ya Stellenbosch na Franschhoek kuna kijiji cha Pniel, kilianza 1843 kama misheni ya watumwa walioachiliwa. Mamia ya magari yanakipita yakikimbilia shamba la pili. Yule dereva wa bahati alisimama hapo ju mama yake alizaliwa kijijini, tukasimama nje ya kanisa, mzee mmoja aliyekua anafagia uwanja akatuuliza tumetoka wapi, na tukakaa naye kwa ukuta karibu saa moja. Alituonyesha kwa kidole milima ambayo babu yake alichunga, na mashamba ambayo babu huyo alifanya kazi lakini hakumiliki hata mzabibu mmoja. Hakua na uchungu kwa sauti. Alikua tu anataka tujue.

Kitu kingine utasikia ni dop. Wafanyakazi walikua wanalipwa sehemu ya mshahara kwa waini, kila siku, vizazi na vizazi. Sheria ilikataza miaka ya 1960 lakini kwa mashamba mengine iliendelea miaka mingi baadaye, na madhara yake bado yako, Western Cape ni kati ya sehemu zenye watoto wengi zaidi walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni. Ukijua hili huwezi kufanya utani wa ulevi mbele ya anayekumiminia. Kama unajali waini yako imetengenezwaje, tafuta chupa yenye muhuri wa WIETA au Fairtrade, wanakagua hali ya wafanyakazi, na waulize shamba kama wanayo.

Kuna waini za watu weusi tunaeza kuunga mkono?

Ziko, na uzitafute. Ntsiki Biyela alitoka kijijini KwaZulu-Natal akapata ufadhili wa kusomea waini Stellenbosch, anatambuliwa kama mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mtengenezaji waini nchini humo, na lebo yake ya Aslina aliiita jina la nyanya yake aliyemlea. Tinashe Nyamudoka ni Mzimbabwe, ana waini inaitwa Kumusha, neno la Kishona la nyumbani kwenu, yani ocha. Niliposoma hiyo lebo nilinunua kabla hata sijaonja.

Tutapokelewa vipi kama Waafrika wa nje?

Nisikufiche. Kuna chuki kwa wageni kutoka nchi zingine za Afrika, 2008 na 2019 iliua watu, na kuna vyumba vya kuonjea ambapo tuliingia tukaangaliwa mara mbili. Mahali pamoja tulikaa dakika ishirini bila kuhudumiwa huku waliokuja nyuma yetu wakimiminiwa. Tuliinuka tukaenda kwingine, na nakushauri ufanye hivyo hivyo, siku ni fupi.

Kwa upande mwingine, mara tu tuliposema Kenya kwa wafanyakazi wenyewe, stori ziligeuka kuwa Kipchoge, ndovu, na kwa nini chai yetu ina maziwa mengi. Usiku usitembee kwa miguu mahali usipopajua, kama tu hapa Nairobi.

Naeza piga picha wavunaji?

Omba kwanza. Wanaanza alfajiri kabla ya joto, wanalipwa kwa kazi, wakisimama kwa ajili yako wanapoteza. Dada aliyekubali tumpige aliomba tupige mikono yake, vidole vimeingia weusi wa zabibu mpaka kwa kucha, makasi madogo yamening'inia kwa kamba mkononi. Tulimtumia hiyo picha jioni ile ile.

Nibebe zawadi?

Majani chai ya Kenya, pakiti ya dukani iliyofungwa. Mimi nilibeba sita na zote zilipata wenyewe. Ukiongeza leso, chagua yenye maneno unayoweza kuyaeleza ju watakuuliza yanasema nini, yangu ilisema Mgeni njoo mwenyeji apone.

## Mambo ya pembeni

Sinywi pombe, au nina mimba, au ni Ramadhani. Nitafanya nini huko?

Mengi. Mashamba mengi yana juisi ya zabibu ya kuonja, zeituni, jibini, chokoleti. Fairview huko Paarl wana mbuzi na mnara wao wa kupanda, na jibini nzuri ajabu. Na wewe usiyekunywa ndo unasikia stori zote vizuri. Swali la watoto jibu ni hilo hilo, ila cheki mapema masharti ya kusafiri na mtoto, haswa kama mzazi mmoja haendi.

Ni kweli gereza la Mandela liko huko?

Ndio. Gereza alilotoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, Victor Verster wakati huo, sai linaitwa Drakenstein, liko kati ya Paarl na Franschhoek katikati ya mashamba ya zabibu. Kuna sanamu yake langoni, ngumi juu. Dakika kumi zinatosha na dereva yeyote anapajua.

Naeza rudi na chupa ngapi?

Bila kulipa ushuru, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakuruhusu lita mbili za waini ukiwa mtu mzima, yani chupa mbili za kawaida na nafasi kidogo. Zaidi ya hapo tangaza ulipe. Weka kwa begi la kuchekiwa, kila chupa ndani ya soksi alafu katikati ya nguo. Yangu moja ilivunjika kwa sababu niliiweka kando ya begi, na shati zangu mbili bado zina rangi ya Pinotage.

Bajeti ya Cape Town haifiki. Nifanyeje?

Anza na Naivasha, kuna mizabibu huko na ndo waini ya Leleshwa hutoka. Ukitaka siku yenyewe ya kukutana na wakulima, panda basi upitie Namanga na Arusha mpaka Dodoma, Tanzania. Zabibu zao huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wengi wanaolima ni wakulima wadogo wenye ekari chache karibu na nyumba. Ukifika kwa mtu anza na shikamoo yako vizuri, uulize shamba alilianza lini, na kaa chini, ju hiyo stori huwa ndefu na hamtahitaji mkalimani.